Bibi Dejid, Aliyeshona Viatu vya Miguu Isiyofanana

Ndugu, jamaa na majirani mliopanda mlima huu katika upepo, Bibi yetu Dejid alizaliwa tarehe 9 Novemba 1949 huko Tariat, mkoa wa Arkhangai, mtoto wa tatu wa wafugaji wa mayaki, wale ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu. Mguu wake wa kulia ulitoka umejikunja ndani, unyayo ukiutazama mguu wa pili. Watu wakanong'ona kwamba mama yake aliruka ufito wa kunasia farasi akiwa mjamzito, jambo ambalo kwetu ni mwiko. Bibi aliyabeba maneno hayo, na mguu huo akaukanyagia ubavu maisha yake yote.

Alisoma shule ya bweni ya wilaya hadi darasa la saba. Wenzake walimwita Bata. "Bata haogopi matope," aliwajibu. Buti zetu za asili hazina kulia wala kushoto, lakini mguu wake haukuingia humo, basi akajishonea za kwake. Mwaka 1968 aliajiriwa na ushirika wa mafundi viatu mjini Tsetserleg, akafanya kazi hapo hadi ulipovunjika mwaka 1991.

Mwaka 1971 aliolewa na dereva wa lori, marehemu Mzee Sosor. Kabla ya hapo, Mzee alirudi pale ushirika mara kadhaa akilalamika kwamba buti aliloshonewa na Bibi linabana. "Halibani hata kidogo," Bibi alimwambia mwishowe. "Hebu sema ulichojia." Walijaliwa mtoto mmoja, baba yangu Tsogtoo.

Mwaka 2008 mama yangu, Uranbileg, alikuwa na mimba yangu. Kipimo cha picha kikaonyesha miguu yangu yote miwili imepinda.

"Mama, niliruka nini mimi?" alimlilia mkwewe.

"Hukuruka kitu. Acha kujitesa, mwanangu."

Daktari naye alisema si kosa la mtu yeyote, na kwamba mguu wa namna hii hutibika, hasa ukiwahiwa. Nilipozaliwa, miguu yangu ilinyooshwa kwa mikono, polepole, ikafungwa plasta ngumu mpya kila wiki. Kisha kano la kisigino likakatwa kidogo, ikafungwa plasta ya mwisho. Siku ilipotolewa, Bibi alitazama bila kuthubutu kugusa. "Jamani! Kumbe mfupa unasikia mkono!" alisema, machozi yakimtoka.

Baada ya hapo nilivishwa viatu vilivyounganishwa kwa chuma kilichoitenganisha miguu, nikae navyo usiku na mchana miezi mitatu, kisha wakati wa kulala tu kwa miaka. Lakini kwetu mtoto mchanga huviringishwa nguo na kukazwa, miguu ikiwa pamoja, ndipo alale. Chuma hakikuingia. Bibi, kwa mapenzi tu, akawa anakivua ili anikaze. Mguu wa kulia ukaanza kurudi ndani.

"Nani anamvua?" daktari aliuliza.

"Mimi."

"Basi, mama, atatembea kama wewe."

Bibi alilia njia nzima ya kurudi nyumbani. Plasta zikaanza upya. Bibi akakata ngozi ya kondoo, akashona mfuko wa kubana mabegani na kupanuka miguuni, chuma kikaenea vizuri. Mikanda akaifunga mwenyewe kila jioni hadi nilipotimiza miaka mitano. "Lia utakavyo, bibi mdogo," aliniambia. "Hiki chuma hakinizidi ubishi."

Kwetu ukimkanyaga mtu mguu, mnapeana mikono papo hapo, kuonyesha hamna ugomvi. Hatua zangu za kwanza ziliishia juu ya mguu wake uliopinda. Alininyooshea mkono, akanishika vidole. "Nikanyage tena," alisema.

Mapafu yalianza kumsumbua Oktoba iliyopita. Asubuhi ya tarehe 14 Machi nilipoinama kumfunika, mguu wangu uligonga wake ulioning'inia kitandani. Hakuwa na sauti tena. Akautoa mkono wake chini ya blanketi, nikaushika. Alifariki mchana wa siku hiyo.

Ameacha mwana, mkwe, na mimi mjukuu wake, Khaliun. Leo nimemsindikiza hadi juu ya mlima huu kwa miguu yangu mwenyewe, nyayo zangu zote zikikanyaga chini. Lala kwa amani, Bibi.