Mwenye Shamba la Kisaju Alikuwa Karakana Kwetu

Na Virginia Gichuru, stoo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutengeneza magari ya watalii, Mulinge Mbuvi, fundi mkuu wa hifadhi yetu, atastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Wasifu wake ulikuwa tayari tangu Septemba. Imebidi niuandike upya, kwa sababu kumbe nilikuwa namjua nusu.

Alitoka Mashuuru mwaka wa 1994 na kisanduku cha spana na barua ya kanisa. Magari yalikuwa mawili. Leo ni kumi na manne, na hakuna ambalo hajalala chini yake. Asubuhi moja alikuta simba jike amejilaza kwenye kivuli cha Landkruza aliyokuwa akiifunga breki. Alirudi polepole, akamwandikia meneja: "Kazi imesimama. Kuna mteja chini ya gari."

Hayo sote tuliyajua.

Mnajua pia tulivyohangaikia njia ya nyumbu na pundamilia upande wa Kisaju. Ploti zimezungushiwa nyaya moja baada ya nyingine, hadi likabaki shamba moja wazi, ekari kumi na mbili. Likifungwa, wanyama hawana pa kupita, na hifadhi inageuka zizi. Mwezi uliopita meneja wetu, Gitonga, alipata jina la mwenye shamba katika ofisi ya ardhi, akatusomea mkutanoni: Celine Nthambi. Akauliza kama kuna anayemfahamu.

Fundi akasimama, akipangusa grisi mikononi.

"Huyo ni bibi yangu."

Caro wa mapokezi aliangusha kikombe. Nami nimekuwa nikila naye meza moja tangu 2006.

Alitueleza macho yakiwa chini. Yeye na mkewe walinunua shamba hilo mwaka wa 2003, waje waliuze bei ikipanda. Halafu, mkutano baada ya mkutano, akatusikia tukiwalaani watu wanaonunua ardhi kwenye njia ya wanyama.

"Mkisema adui, mimi niko hapo nyuma nakunywa chai na nyinyi," alisema. "Niliona aibu hata kuuza, hata kuweka waya, hata kuwaambia."

Madalali wa Kitengela walipiga simu mpaka Celine akabadilisha laini.

Wiki iliyopita mume na mke walitia sahihi mkataba na hifadhi: hakuna uzio kwa miaka ishirini na mitano. Wamejibakizia pembe moja tu ya kujenga nyumba. Jumapili nilienda kujionea, nikahesabu nyumbu themanini na watatu wakipita. Celine alisimama kando na kanga yake, akiwapisha.

Fundi, ulitushtua, na bado hatujatulia. Asante kwa miaka yote, hata ile uliyonyamaza. Wewe na Celine mkae kwa afya na amani, na kila mkifungua mlango asubuhi, mkute uwanja umejaa wageni wenye mistari.