Mzee Mwanga na Ukurasa wa Arobaini na Moja

Ndugu waombolezaji, majirani zetu na ninyi mliotoka kazini kwake, familia imenituma mimi, bintiye wa pili, niwasomee maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Mwanga.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne wa fundi viatu, akasoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, kisha chuo cha ufundi, na tarehe 1 Julai 1983 akaajiriwa kupanda nguzo za simu, kazi aliyoifanya mpaka magoti yakakataa.

Tarehe 6 Desemba 1986 alimuoa mama yetu, mshonaji, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2001 alihamishiwa kwenye nyaya za kioo, akawa anachomeka mitamboni vile vifaa vya ukubwa wa kidole wanavyoviita moduli, na mezani alitueleza, chai ikipoa, kwamba kila moduli ina mdomo na sikio, mdomo hugeuza umeme kuwa mwanga na kuurusha ndani ya uzi mwembamba kama unywele, sikio la upande wa pili huudaka na kuurudisha kuwa umeme, na kwamba moduli ya masafa marefu ikiwekwa karibu bila kipunguza mwanga ni sawa na kumpigia mtu kelele sikioni mpaka awe kiziwi, hapo mama akasema basi na sisi watoto tufungiwe hivyo vipunguza.

Tarehe 9 Februari 2017 aliagizwa kuunganisha hospitali na kituo cha mitambo, mita mia nane tu, kwa moduli ya kilomita themanini bila kipunguza mwanga, akasema itaunguza sikio, akajibiwa mzee umechoka, weka tu, akaweka, sikio likaungua, hospitali ikakosa mawasiliano siku mbili, na barua ya onyo ikaandikwa kwa jina lake, kosa likiitwa uzembe.

Mama alimwambia, Baba Watoto, wapelekee daftari lako la kazi, akajibu kuwa amechoka kubishana na watu wanaosoma kichwa cha barua tu, akaifungia barua kwenye droo ya soksi, akastaafu nayo mwaka 2021.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2022, akatibiwa katika hospitali ileile, picha za figo zake zikipita kwenye waya aliouunganisha kwa mikono yake, hadi tarehe 3 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alipotutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala sakafuni kwetu, na wafanyakazi wenzake, ukiwemo wewe mkuu wa kitengo, uliyetoa agizo lile na leo umebeba jeneza, daftari ndilo hili, ukurasa wa arobaini na moja, onyo lake kwamba sikio litaungua liko hapo kwa mwandiko wake na saini yako ya kuliona iko chini yake, hatudai kingine, tunaomba kesho ofisi ikifunguliwa nakala ya barua ile itoke kwenye faili lake.

Baba, ulichoka kueleza, sasa tumekuelezea sisi, pumzika kwa amani.