Picha za Violezo vya Mama Debora: Risala ya Wachapaji wa Mwigobero

Mgeni rasmi, Ndugu Afisa Utamaduni, viongozi wa dini, na ninyi wateja wetu mliotoka Bunda, Butiama na kisiwani Rukuba,

KARIBU KWETU
Sisi ni wachapaji wa steshenari za Mwigobero, hapa Musoma. Hatukukuita ufungue duka jipya. Tumekuita utazame picha zilizotundikwa ukutani humu, nasi tukueleze zilivyopatikana.

TULIKOTOKA
Mgeni rasmi, zamani mtu wa Musoma akioa, akibatiza au akizika, alipitia kwa Mama Debora Mugeta. Ndiye aliyetufundisha wengi wetu kuchapa. Katika kompyuta yake alitengeneza violezo, yaani kurasa zenye mapambo tayari, zinazosubiri majina tu. Pembezoni alichora, nukta kwa nukta, nakshi za vibuyu vya maziwa alivyoviona kwa bibi yake Butiama.

Wavuvi wa Rukuba walikuwa wakishuka na sato mkononi, wanakaa kwenye benchi, mashine inalia, mmoja anapaza sauti: "Mama, jina la bibi harusi liandike vizuri, ni la nyanya yake!" Kila mtu anacheka. Mgeni rasmi, kelele zile tunazikumbuka sana.

YALIYOTUPATA NA TULICHOFANYA
Mwaka jana Mama Debora alipata kiharusi, mkono wake wa kulia ukalala. Tulipohamishia violezo vyake kwenye kompyuta mpya, vilifunguka vimevurugika: herufi si zake, vibuyu vimetawanyika. Kompyuta yake ya zamani peke yake ndiyo iliyovionyesha sawasawa, nayo ilishaanza kuzimika ovyo.

Boniphace, fundi wetu kutoka Bunda, akashauri tuvigeuze kuwa picha kabla haijafa. Tena picha zisizobanwa, maana alipojaribu kuibana moja ili iwe nyepesi, nukta za vibuyu zilififia.

Mwenzetu Jeska alikataa. "Kiolezo ni cha kuandikia," alisema. "Kikishakuwa picha, nani ataweka jina tena? Mnamzika mama yuko hai?"

Tukaenda Nyegina, Mama Debora anakouguzwa na dada yake, tukamuuliza mwenyewe. Alitusikiliza, kisha akasema polepole, "Wanaooa siku hizi wanatumiana kadi kwenye simu. Mimi nilikuwaga nachora ili watu waone. Geuzeni tu."

Jeska alilia njia nzima. Lakini tuliporudi, yeye ndiye aliyekaa mbele ya ile kompyuta, akageuza kiolezo kimoja baada ya kingine mpaka vikaisha. Wiki iliyofuata kompyuta hiyo haikuwaka tena. Picha hizo tukazichapa kwenye karatasi, ndizo hizi unazoziona ukutani.

YANAYOTUKWAMISHA
Picha zisizobanwa ni nzito, flashi zetu zinajaa upesi. Zote zimo katika kompyuta moja ya dukani, hiyohiyo tunayochapia kazi za wateja, na umeme wetu unaujua. Ukumbi huu nao ni wa kuazima. Kesho jioni tunazishusha picha hizi ukutani.

MAOMBI YETU
Tunaomba diski kubwa ya kuhifadhia, na nakala itunzwe ofisini kwako. Tunaomba pia ukuta wa kudumu, popote utakapoona panafaa.

Ombi la mwisho limeongezwa asubuhi ya leo, utuwie radhi. Mama Debora bado hajaziona. Hawezi kupanda bodaboda, na gari hatuna. Wewe umekuja na gari, mgeni rasmi, na Nyegina si mbali. Tunaomba leo, kabla hujarudi ofisini, dereva wako amfuate. Jeska yuko tayari kumwonyesha njia. Sisi tutaacha mlango wazi, tutangoja hapahapa.

Mungu akujalie afya na moyo wa kusikiliza, awabariki watu wa Mara na kazi za mikono yao.

Imesomwa na Marieta Onesmo, kwa niaba ya
Kikundi cha Wachapaji wa Mwigobero, Musoma