Fundi Selemani Shumbana: Kutoka Karakana ya Gidaroda hadi Ujirani wa Endamuray

Siku ya Alhamisi, tarehe 30 Juni 1988, Bwana Selemani Shumbana, Msimamizi Mkuu wa Karakana, atakabidhi funguo za stoo ya vipuri na kustaafu rasmi, baada ya kulitumikia Shamba la Ngano la Gidaroda kwa miaka kumi na saba. Anaondoka wakati kombaini zimekwisha kupakwa grisi na ngano ya bondeni imeanza kukauka, majira ambayo kwa desturi hakuna mtu wa karakana anayeruhusiwa hata kuugua. Desturi hiyo aliiweka yeye mwenyewe, na kwa muda wa mwezi mzima amekuwa akimlalamikia Meneja kwamba sheria ya kustaafu iliandikwa na watu wasiojua mavuno ni nini.

Bwana Selemani alizaliwa Dongobesh mwaka 1933, katika nyumba ya mfanyabiashara aliyehamia huko kutoka Kondoa akiuza chumvi, vitambaa na mafuta ya taa. Alikulia nyuma ya kaunta ya baba yake. Aliwajua wakulima wa vilima vyote vya jirani kwa majina na kwa kile walichokuwa wakinunua, lakini mashambani mwao hakuwahi kuingia. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu bila hilo haitaeleweka ni vipi mtu mwenye akili kama yake alifanya kosa tutakalolisimulia. Ufundi aliupata Arusha, kwenye gereji ya mashamba ya walowezi, na mwaka 1971 akaja Gidaroda kama dereva wa trekta. Wakati huo shamba letu lilikuwa mahema, mapipa ya dizeli na upepo unaoshuka Mlima Hanang bila kuzuiwa na kitu chochote.

Wanaomkumbuka tangu enzi zile wanakumbuka sauti yake kwanza. Alikuwa akimsikia dereva anayekosea gia akiwa upande wa pili wa shamba, na dereva huyo naye alikuwa akimsikia yeye. Trekta kongwe kuliko yote alilipa jina la Shangazi, kwa maelezo kwamba lilitaka kuamkiwa na kubembelezwa kabla ya kuwaka. Kijana yeyote aliyeingia karakana akiwa na haraka ya kuomba spana pasipo salamu aliambiwa kwamba spana hiyo haionekani. Ilionekana mara tu shikamoo iliposikika. Katika miaka ya uhaba, vipuri vilipokuwa habari za kusikia tu, alifufua mashine tatu zilizokufa kwa viungo vya ya nne, na msimu ule ngano yetu ilivunwa yote kabla ya ndege hawajaimaliza.

Hata hivyo, karakana ni nusu tu ya habari za Bwana Selemani. Nusu ya pili ni Klabu ya Kujitolea ya Gidaroda, ambayo yeye na muuguzi wa zahanati yetu, Bibi Zita Joakimu, waliianzisha mwaka 1974. Wanachama walikuwa wafanyakazi wa shamba waliotoa Jumamosi zao bila posho. Basi la kwenda hospitali ya Haydom liliposhindwa na tope la masika, klabu iliwabeba wagonjwa kwenye tela la trekta, chini ya turubai, huku Bibi Zita akiwa amekaa juu ya gunia la pumba akishikilia chupa ya dripu. Shule ya msingi ya kijiji jirani cha Endamuray iliezekwa na klabu, na madawati yake yalitokana na mbao za masanduku yaliyokuja na mashine. Zilikuwa Jumamosi za furaha. Vijana walioajiriwa majuzi wakisikia kwamba watu waligombania nafasi ya kwenda kubeba mawe bila malipo, hudhani wanatungiwa hadithi.

Mwezi wa Novemba mwaka 1976, klabu iliamua kumsaidia Bernadina, mjane wa Endamuray mwenye watoto wadogo watatu. Bwana Selemani alikuwa mwenyekiti, na wazo lilikuwa lake. Asubuhi moja alifika na trekta, akalima shamba lote la mama huyo, akapitisha haro kuvunja mabonge, na mbegu zikapandwa siku hiyo hiyo. Kazi ambayo majirani wangeifanya kwa siku kadhaa ilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Klabu ilirudi ikiimba.

Mwishoni mwa Januari alipita njia ile akaona shamba lile limemezwa na magugu, wakati mashamba ya kulia na kushoto yalikuwa safi. Akasimamisha trekta.

“Mama Basili, kuna nini? Mgonjwa?”

“Hakuna mgonjwa,” Bernadina alijibu. Alikuwa peke yake na jembe, mtoto mgongoni.

“Basi Jumamosi nakuletea mashine.”

“Hapana, Fundi. Shukrani nyingi, ila mashine usiniletee tena.”

Aliinama tena kupalilia, na Bwana Selemani alikwenda moja kwa moja kwa Qamara, jirani ambaye ndiye aliyepanga zamu za kazi ya pamoja kijijini hapo. Alikwenda kumgombeza. Katika vilima hivi, mwenye shamba huwaalika majirani, hupika, hutengeneza pombe, na wote humlimia kwa siku moja. Kisha naye huenda kwa kila mmoja wao zamu yake inapofika. Bwana Selemani alimuuliza Qamara wamewezaje kumtenga mjane.

“Nani amemtenga?” Qamara alisema. “Wakati wa kulima hakutuita. Alikuwa na trekta la serikali. Sasa tungemlipa nini, na yeye kwetu anadaiwa nini?”

“Nilimsaidia, Mzee. Nilimlimia siku moja.”

“Ndiyo, tuliona. Tulisimama hapa tukatazama. Hebu niambie, Fundi, nyumba yake ikivuja, trekta lako litapanda juu kuezeka? Akifiwa, litakuja kukaa matanga?”

Bibi Zita anasimulia kwamba mwenyekiti wake alirudi amekasirika mno. Hasira hiyo tunaielewa. Alikuwa amempa mtu kilicho bora kuliko vyote alivyokuwa navyo, kumbe kwa tendo hilo hilo amemtoa katika mzunguko wa wenzake. Tena lililokuwa hatarini lilizidi mahindi ya msimu mmoja. Mjane asiyekuwa katika zamu za majirani hana wa kumvunia, wa kumjengea, wala wa kumbebea mtoto wake akiugua. Klabu ingemfikia Jumamosi moja kati ya nyingi. Siku nyingine zote alikuwa wa majirani, nao walikuwa wameacha kumhesabu.

Siku zilizofuata alifanya jambo ambalo fundi hulifanya mashine inapokataa kuwaka: alirudi mwanzo. Alimwendea Bernadina na kumwomba awaalike majirani kama kawaida, na waalikwe pia wanaklabu, kila mmoja kwa jina lake, na jembe lake la mkono. Bernadina alisitasita. Alisema akiwaalika wasipokuja, itakuwa aibu mbele ya kijiji kizima, na afadhali magugu. Hatimaye akakubali, akapita nyumba kwa nyumba.

Jumamosi ya mwaliko wanaklabu walifika kwa miguu. Chakula kilikuwa tayari, pombe ya mtama ilikuwa tayari, na togwa ya Bwana Selemani, ambaye ni Mwislamu, ilikuwa imewekwa pembeni. Hakuna jirani aliyetokea. Bernadina alifunika vyungu, akakaa, akawa hatazami njia.

“Bwana Selemani, tuanze,” Bibi Zita alisema. “Jua linapanda.”

“Tukianza sisi, tutamaliza sisi. Na mwezi ujao atakuwa na nani?”

“Na wasipokuja?”

“Nitakaa.”

Walikaa. Baada ya muda mrefu Qamara alitokea njiani, jembe begani, kama mtu anayepita kwenda kwingine. Alimkuta msimamizi wa karakana ya serikali ameketi chini pembeni mwa shamba na jembe jipya la dukani, bado lina rangi.

“Fundi, hilo jembe limekataa kuwaka?”

“Linawasubiri wenyeji, Mzee. Mimi ni mgeni mwalikwa.”

“Umealikwa na nani?”

“Na mwenye shamba. Wewe hukualikwa?”

Qamara alimgeukia Bernadina. Mama huyo alisimama, akamwamkia, kisha akasema kwa sauti ambayo Bibi Zita anasema ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka: “Nilifika kwako juzi, Baba Tluway. Ukaniambia utaona.”

“Basi nimekuja kuona,” Qamara alijibu. Akacheka, akalishusha jembe, akachukua mstari wa kwanza. Kisha akapiga ukelele kuelekea kilima cha pili, na watu wakaanza kuteremka. Inaonekana walikuwa wakingoja yeye atangulie.

Ukweli unatulazimu kueleza kwamba mchango wa Bwana Selemani siku hiyo ulikuwa hasara. Mahindi yalikuwa yamechanganywa na maharage, naye alipalilia kwa juhudi kubwa. “Fundi,” Qamara aliita kutoka mstari wake, “magugu unayasamehe, maharage unayaua. Na matrekta yenu ndivyo unavyoyatengeneza?” Shamba zima lilicheka, na Bernadina alicheka pamoja nao. Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya shamba la Qamara. Bernadina alikuwa katika mstari wa mbele, na hakuna aliyemuuliza amefuata nini.

Tangu siku hiyo klabu imekuwa na kanuni moja ambayo mwenyekiti hakuwahi kukubali ilegezwe: hatumfanyii mtu kazi ambayo majirani zake hawakualikwa kuifanya, na anayesaidiwa hupewa nafasi ya kusaidia. Wapo vijana wenzetu, tena wenye shahada, wanaosema bwaloni kwamba kwa kanuni hiyo klabu ilirudi nyuma kutoka trekta hadi jembe. Hoja hiyo ni nyepesi. Trekta limeendelea kubeba wagonjwa, mawe na maji, yaani kila kinachowashinda majirani wote kwa pamoja. Kilichokomeshwa ni kutumia nguvu za mashine kumnyang'anya mtu sababu ya kumwita mwenzake. Anayeona hapo kuna kurudi nyuma atuonyeshe kijiji kilichokwenda mbele baada ya watu wake kuacha kuitana.

Mwaka huu Bwana Selemani amepewa kiwanja na serikali ya kijiji cha Endamuray, naye na mkewe, Bibi Rukia, wameamua kuhamia huko badala ya kurudi Dongobesh. Mpango wake wa kwanza ulikuwa kuwakodi mafundi wa Katesh wajenge nyumba, yeye ahamie ikiwa imekamilika, asimsumbue mtu. Habari zilimfikia Bernadina, ambaye sasa ni mama wa vijana wakubwa. Alitembea hadi karakana, akangoja Bwana Selemani atoke chini ya kombaini.

“Shikamoo, Baba Ayubu.”

“Marahaba, Mama Basili.”

“Nimesikia umetafuta mafundi mjini. Unahamia kwetu, au unakuja kupanga?”

Walioshuhudia wanasema alifuta mikono kwa tambara kwa muda mrefu kuliko grisi ilivyohitaji. Amekiri mwenyewe kwamba katika miaka yote ya kwenda kwa watu kuwauliza wanahitaji nini, hakuwahi kusimama mlangoni kwa mtu kusema anahitaji yeye. Wiki iliyopita alisimama. Alipita Endamuray nyumba kwa nyumba pamoja na Bibi Rukia. Kwa Mzee Qamara, ambaye sasa ni mzee sana, ilimbidi arudie maombi yake mara mbili, kwa sababu mwenyeji alidai masikio yamemchakaa. Juzi aliingia karakana, akawaamsha vijana waliokuwa wamelala kivulini, na kwa mara ya kwanza hakuwagombeza. Aliwaomba waje kumjengea.

Basi waraka huu, pamoja na kumuaga, unafikisha mwaliko wake kwa wafanyakazi wote. Ni Jumamosi, tarehe 2 Julai, Endamuray, mapema asubuhi, kwa kila asiye zamu ya mavuno. Nguzo na fito zimekwisha kukatwa. Kila mtu aje na jembe au ndoo ya kukandia udongo. Matrekta yabaki kazini. Bibi Rukia na Bernadina watapika, na mwenye nyumba ameahidi kutosogelea shamba la maharage la mtu yeyote.

Bwana Selemani, tunakushukuru kwa mashine ulizoziponya, kwa wagonjwa uliowafikisha, na kwa shikamoo ulizotufundisha kwa nguvu. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na honi ya karakana, na uzee mwema wewe na Bibi Rukia. Kabla ya juzi hukuwahi kutuomba kitu, na wengi wetu tulikuwa hatujui kama tungependa kuombwa. Jumamosi tutakuja.