Sindano Ndani ya Kidole

Mbele yangu ndani ya basi, fundi cherehani alimwambia muuguzi aliyeketi naye, "Mama, jongo la kidole cha mguu limepoa. Dawa ya kila siku nimeiacha."

"Limepoa, halijaondoka. Asidi ikizidi mwilini huganda kwenye kiungo ikawa sindano ndogo mno. Dawa huziyeyusha polepole, kwa miezi. Rudi kwa daktari akupangie upya."

"Nishone watu, nami nishonwe?"

Nilimtukuza Muumba, aliyeweza kuficha kijaluba cha sindano katika kidole gumba cha mguu.

"Lakini hakiumi, mama."

"Kikiuma tena, cherehani utaikanyaga kwa mdomo?"

Basi likasimama. Fundi aliutazama mguu wake kana kwamba ni amana ya mtu, kisha akaushusha chini taratibu.