Kisanduku Kimoja cha Wilbard

"Bibi, habari ya visanduku usiitaje mbele za watu, utamfunga Lawrence," ndivyo Edna, mke wa Lawrence, alivyomwambia Bibi yenu huyu anayesema nanyi, hapo mlangoni kabla ya maombolezo haya, na Bibi akamjibu kwamba kitakachomfunga mumewe ni huko kunyamaza, basi kaeni, marehemu asimuliwe yote.

Wilbard, mjukuu wa kwanza wa Bibi, alizaliwa Rombo tarehe tisa Machi 1984, akamaliza darasa la saba pale Mkuu, akasomea umeme Moshi, akaja Dubai mwaka 2010, akapata kazi kwenye mitambo ya kusukuma maji upande wa Ras Al Khor, akamvuta na mdogo wake Lawrence, mwaka 2013 akamuoa Virginia, wakajaliwa Ivy na Jeremy.

Mwaka jana ikaja sheria, mitambo ya maji na umeme isiwe na kifaa cha nchi adui, maana mtu anaweza kukaa kwao huko akaufungia mji mzima maji kupitia kifaa hicho, na ndugu hawa wawili wakaambiwa wang'oe visanduku vya mawasiliano vya nchi hiyo, vile vinavyounganisha mitambo na intaneti, wavikabidhi vyote vikasagwe.

Sasa desturi yetu mnaijua, mgeni akija huku kutoka nyumbani hatumwachi na chumba kitupu, huyu analeta feni, yule godoro, na Wilbard kuona kitu kizima kinakwenda kusagwa roho ikamuuma, vingine akawagawia wageni wa kambi ya wafanyakazi ya Al Quoz wapate intaneti, akasaini kwamba vyote vimekabidhiwa, na Lawrence akasaini chini yake bila kuuliza, kwa kuwa ni kaka.

Wakaguzi walipokuja kuhesabu visanduku, khalas, mambo yakaisha, usingizi ukamtoka, gari likisimama nje anazima taa, simu ikilia anamsukumia Virginia, akazunguka kambi kwa siri kuvirudisha, vijana wakimtania, "Fundi, zawadi nayo inanyang'anywa?", naye hacheki, vikapatikana vyote ila kimoja, aliyepewa amehama kambi.

Presha ikampanda, akaanguka kazini tarehe tatu Februari mwaka huu, kesho yake akafariki hospitalini, na la mwisho alilomwambia Virginia ni, "Lawrence hajui kitu."

Lawrence yule pale nyuma, hawezi hata kusindikiza jeneza la kaka yake hadi Rombo, pasi yake ya kusafiria imezuiliwa, ameambiwa kisanduku kionekane kabla ya Ijumaa au apelekwe polisi.

Familia inawashukuru madaktari, majirani wa Al Warqa, na wenzake wa kazini waliomwosha na kumvisha, nawe Wilbard, lala kwa amani, baba.

Ninyi mliobaki, Bibi hataki jina la mtu wala maelezo, kisanduku kiachwe tu kwa padre kimefungwa kwenye mfuko, na aliyenacho kama hakufika leo, tafadhalini, mwambieni.