Mchezaji Asiyeshika Mpira

Basi la wafanyakazi lilikuwa linatoka mtaa wa Discovery Gardens, huku ughaibuni, asubuhi. Nyuma yangu walinzi wawili, waliomaliza zamu, walibishana juu ya mpira wa Kimarekani. Jamiru, Mganda, aliujulia kwenye televisheni ya mapokezi anakolinda usiku, ambayo wenye jengo wameizima sauti. Alitaka mkongwe mmoja aliyestaafu aingizwe kwenye jumba la mashujaa wa mchezo huo.

"Huyo si hashiki hata mpira!" akacheka Waleed wa Mombasa. "Wataingia wafungaji, bwana."

"Kazi yake kumkinga mwenye mpira asiumizwe. Miaka kumi na tatu, ssebo, bwana wangu!"

Nami mpira wenyewe siujui, lakini nikawa upande wa Jamiru.

"Wanachagua Februari," akasema, "na mimi mkataba khalas, umekwisha, Ijumaa narudi Mbale. Nitazamie matokeo, unipigie simu. Hata wakimkataa."

"Mimi ni Arsenal, kaka. Kwani huyo mjomba wako?"

"Si mjomba. Lakini usiku pale mapokezi tulikuwa wawili, mimi na yeye kwenye ile televisheni."

Waleed akaacha kucheka. Alikuwa anatoa simu mfukoni basi liliposimama Al Qusais, na dereva akapiga kelele, "Yalla, yalla, shukeni!"